Programu Nne za Kufuta Jina Moja

Bi Asumini tulimzika Newala, na nusura tumzike kwa jina lisilo lake. Nilikuwa nimekaa upenuni na akina mama wenzangu, chai ya rangi imeshapoa mkononi, wanaume wako upande wa pili wa ua chini ya turubai, na spika imetundikwa kwenye mkorosho. Saidi, mwalimu wa sekondari na mjukuu wa dada yake marehemu, akashika kipaza sauti asome wasifu. Alisoma kwenye simu, kama wanavyofanya siku hizi, na alianza vizuri tu: marehemu alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vimefika mpaka Ulaya, amewafunda mabinti wa vijiji vingi. Kisha akalitamka. Jina la utotoni. Upenuni kwetu mama mmoja akajifunika uso kwa kanga kana kwamba ni yeye aliyevuliwa nguo. Bi Sharifa, kungwi mwenzake marehemu tangu ujana wao, ambaye sasa miguu haimbebi, alipiga kelele kutoka mkekani kwake mpaka chai yangu ikamwagika: "Zimeni hiyo spika! Huyo anayetajwa mimi simjui! Hapa tunamzika Asumini!" Spika ikazimwa, na jeneza likatolewa bila wasifu kumalizika.

Wenzangu walishangaa jina lile limetoka wapi, maana waliolijua wote walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa Bi Sharifa. Mimi sikushangaa. Mimi nilikasirika, hasira ya zamani niliyodhani nimekwisha kuizika, ikanipanda palepale mpaka masikio yakawaka moto. Jina lile nalijua. Nililikuta kwenye faili la kompyuta nilipokuwa msichana, na miezi kadhaa ya maisha yangu iliishia kwenye kulitoa humo. Siliandiki hapa, na msomaji asinidai. Saidi alikuja kwangu baada ya maziko, jasho linamtoka, simu mkononi. "Shangazi, haki ya Mungu mimi nimesoma kilichoandikwa. Nimekitoa kwenye kile kitabu chake, kiko mtandaoni." Nikamwambia kitabu kile hakina jina hilo, nimekichapa kwa mikono yangu hii. "Shangazi, limo," akasema, na macho yake yakajaa machozi, mtu mzima wa watu.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshafika mpaka kwetu Masasi. Viwanda na mashirika yanauzwa, wanunuzi wa korosho wanapishana na magari yao kila mmoja na mizani yake, mitumba imejaa, minara ya simu imeanza kuota juu ya vilima vya mawe. Baba Rehema alikuwa karani wa ushirika mpaka walipopunguzwa kazini, akachukua alichopewa akafungua duka la steshenari Mkomaindo, mkabala na njia ya kwenda hospitali. Akaniajiri mimi kwa sababu nilikuwa nimesomea upigaji chapa. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye bati lisilo na dari, na mchana mawe ya vilimani yakishapata moto, joto linateremka kutoka juu na lingine linapanda kutoka kwenye mashine. Tulikuwa na kompyuta moja iliyotumika, printa moja na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa. Wateja wetu wengi walitaka nakala ya kadi ya kliniki au kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Umeme ulikuwa wa mgao, ukija tunakimbizana. Baba Rehema alikuwa na neno lake moja ambalo mpaka leo nikilisikia meno yananiuma: "Soko huria hili, Somoe! Siku hizi mtu anachagua!"

Nilipanga chumba kwa Mama Pili, nyuma ya hospitali, chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha lisilofungika. Mama Pili alipika vizuri kuliko wapishi wote niliowahi kuwajua, mbaazi za nazi na ugali wa muhogo, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikalainika kama uji, na msimu wa mabibo ukifika ua mzima unanukia utamu ule unaolevya hata kabla hujanywa. Nikitoka kazini tunakaa barazani na sahani moja, na mimi nalalamika. Ndiyo, mwaka ule nilijifunza kulalamika kwa ustadi. Mama Pili hakuwahi kuiona kompyuta ikifanya kazi, lakini aliwajua maadui zangu wote kwa majina, na nilipochelewa aliniuliza, "Leo ni nani kakuudhi, tajiri yako au ile mashine?" Mara nyingi nilimjibu wote wawili.

Kazi yenyewe ilitoka Newala. Kulikuwa na mradi wa utamaduni, na yule mama wa Kizungu aliyeuendesha alikuwa amekaa na wafinyanzi kwa miezi, akaandika kitabu kidogo chenye picha juu ya vyungu vya wanawake wa Newala. Kitabu kilipangwa kwao huko Ulaya, kikarudi kwenye CD kikiwa PDF, na kazi ya kukichapa ikapewa duka letu. Baba Rehema alikenua siku tatu mfululizo. Sura ndefu kuliko zote ilimhusu Bi Asumini, na uzinduzi ulikuwa ufanyike Newala mbele ya wakubwa wa wilaya, yeye akiwa amekaa kiti cha mbele. Tulichapa nakala mbili za kwanza, moja ikaenda ofisi ya mradi, nyingine nikatumwa niipeleke kwa Bi Asumini mwenyewe aangalie picha. Mimi nilifurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa kikazi nje ya Masasi, na nilivaa viatu vya kuazima.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imefagiliwa mpaka ardhi inang'aa, na chumba cha mbele kilikuwa na vyungu ukutani vilivyopangwa kwa ukubwa, na pipa la maji lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba. Newala maji yalikuwa mali, mgeni akipewa kikombe kizima anajua ameheshimiwa. Mimi nilipewa kikombe kizima. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, habari za huko bondeni?" Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyokauka, na kicheko cha ghafla. Aliziangalia picha moja moja akicheka, "Huyu ni mimi? Mbona wamenizeesha?" Kisha akaniomba nimsomee, maana yeye alisoma Kurani tu. Nikakaa vizuri, nikasafisha koo kama mwalimu, nikasoma kichwa cha sura. Nilidhani ni jina la ukoo wake. Nililisoma kwa sauti, usoni pake, na nikaendelea: fulani, anayejulikana kwa jina la utani Asumini.

Aliweka kikombe chake chini taratibu. "Soma tena." Nikasoma tena. Akaniuliza, "Nani kakutuma uje uniite hivyo ndani ya nyumba yangu?" Sauti haikupanda hata kidogo, na ndiyo maana niliogopa. Hapo ndipo nilipoelewa nimesoma nini. Huku kwetu mtu akishachezwa, jandoni au unyagoni, anatoka na jina jipya, na lile la utotoni linaachwa hukohuko. Kumwita mtu mzima kwa jina lile ni kumwambia kwamba hajatoka, kwamba bado ni mtoto wa kutumwa dukani. Na huyu hakuwa mtu mzima tu. Huyu alikuwa kungwi, yeye ndiye aliyewapa wasichana majina. Yule mama wa mradi alikuwa amemwuliza siku moja faraghani alizaliwa akiitwa nani, akamjibu kwa sababu alimpenda, akamweleza na mila yake na kwamba halitajwi. Bibi yule wa Kizungu akaona hilo ndilo jina la kweli. La kweli! Lile alilobeba Bi Asumini maisha yake yote, akalitia alama za kunukuu na kuliita la utani. Nilipofungua kurasa nyingine nililiona chini ya picha, nililiona ndani ya maelezo, nililiona hata kwenye mstari mdogo ulio chini ya kila ukurasa wa sura ile.

"Kitabu chako kinasema sijachezwa," Bi Asumini akaniambia. "Mama gani ataniletea binti yake nimpe jina, na mimi mwenyewe sina?" Nikamwambia litabadilishwa, Bibi, ni kompyuta hii, ni kubonyeza tu. Akaniangalia. "Likitoka hivyo, siji kwenye shughuli yenu, na hamtaniona tena kwenye unyago wa mtu." Nilipotoka nilipita foleni ya maji, ndoo zimepangwa mpaka barabarani, nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Eti wameandika lile jingine, karani wa mradi kaliona." Mwenzake akamnyamazisha, "Shii, usiniponze mie." Nakala ile ya ofisini ilikuwa imeshaanza kutembea, na unyago ulikuwa unakuja shule zikifungwa.

Ni kubonyeza tu! Laiti ningekuwa nimeng'atwa ulimi siku ile. PDF, kwa asiyejua, ni ukurasa uliokwisha kukauka. Unauona, unauchapa, lakini ukiweka kidole uondoe herufi moja, haikujui. Tukaandika barua pepe Ulaya, kupitia ofisi ya mradi. Yule mama alikuwa ameshaenda nchi nyingine kwa utafiti mwingine na hakujibu. Waliopanga kitabu walijibu kwa mstari mmoja: faili hili ni la mwisho. Mimi nikapendekeza tuchape hivyohivyo, halafu nipake ule wino mweupe wa kufutia kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Baba Rehema akaruka. "Vitabu vya wakubwa vipakwe wino mweupe kama daftari la mwanafunzi? Watucheke! Na mradi wanataka faili lililorekebishwa, siyo karatasi." Kisha akapiga meza na kile kiganja chake. "Zipo programu za kuhariri PDF, nimesikia. Ziko nyingi. Tutazijaribu, tutachagua iliyo bora, tena itabaki kuwa ya duka. Soko huria hili, Somoe!"

Basi tukaanza kuchagua. Ya kwanza ililetwa na kondakta wa basi kutoka Kariakoo, CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, na ndani ya kasha namba ya kuifungulia. Namba ilikataa, tukabadilisha sifuri ikawa herufi O, ikakubali, nikapiga makofi. Nikafungua kitabu, nikaenda kwenye jina, nikabonyeza. Kikatokea kikaratasi cha njano. Nikabonyeza tena, kikaja kingine. Programu ile ilijua jambo moja tu, kubandika vikaratasi vya njano vya maoni! Niliijaribu kila menyu, mpaka nikaliweka jina lile chini ya vikaratasi, na kwenye printa havikutoka hata kimoja, jina likatoka peke yake, jeusi, safi, linanitazama. Hiyo tukaiita Njano, na CD yake Baba Rehema aliigeuza kuwa ya kufukuzia ndege kwenye mpunga wa shemeji yake.

Ya pili ilisifiwa na afisa mmoja wa halmashauri aliyekuja kutoa fotokopi. Hii inageuza PDF kuwa maandishi ya kawaida, alisema, unaandika unavyotaka. Kweli iligeuza. Iligeuza kila kitu. Picha ya tanuri ikahamia kwenye sura ya uchimbaji udongo, vichwa vya habari vikavunjika vipande viwili, maelezo ya mama mmoja yakaenda chini ya picha ya mama mwingine, na herufi zikawa zile nene za matangazo ya dansi. Jina nililibadilisha, ndiyo, bila shida yoyote, lakini kitabu kilikuwa kimebomoka. Nilikaa wiki nzima nakijenga upya, umeme ukikatika kabla sijahifadhi naanza tena, na nikisogeza picha moja mahali pake nyingine tatu zinakimbia. Jioni moja nililia barazani kwa Mama Pili, machozi ya hasira yale yasiyo na aibu, mpaka akaniondolea sahani mbele yangu. "Mwache huyo Bibi awe na majina mawili, wewe usije ukapata wazimu," akasema. Nikamwuliza yeye angekubali? "Mimi ningeichoma hiyo ofisi," akasema, akanirudishia sahani.

Ya tatu ndiyo iliyoniumiza kuliko zote, kwa sababu ilikuwa nzuri. Tuliikuta kwenye kasha la mashine ya kuskani, imekuja kama zawadi. Niliweka mshale kwenye jina, nikafuta, likafutika herufi kwa herufi kama kwenye taipureta yenye utepe wa kusahihishia. Nikaandika Asumini, likakaa, kwa mwandiko uleule, ukubwa uleule. Nilipiga vigelegele, wateja wakaingia kuuliza nani kaolewa. Nikarekebisha sura yote, kila mahali, nikachapa. Na kila ukurasa ukatoka na maneno makubwa ya Kiingereza yaliyolala mshazari kutoka pembe hadi pembe, juu ya vyungu, juu ya nyuso za watu, yakisema hii ni nakala ya majaribio. Nikadhani ni makosa yangu. Kumbe muhuri ule hauondoki mpaka ununue, na programu yenyewe tukaiita Muhuri. Haya, tununue! Baba Rehema alikuwa tayari, fedha ya utangulizi ya mradi aliishika mkononi. Lakini hawakutaka fedha. Walitaka namba ya kadi ya benki ya kulipia kwenye mtandao. Tukaenda benki. Karani alituuliza mara mbili tunachotaka, kisha akawaita wenzake waje wasikie. Masasi nzima hapakuwa na mtu mwenye kadi hiyo, na Mtwara hatukumpata. Nilimwambia Baba Rehema nje ya mlango wa benki, kwa sauti, watu wakageuka, "Hilo ndilo soko lako huria! Mlango wazi, na mlangoni wamesimamisha mtu anayedai ufunguo!" Tulirudi dukani kila mtu akitembea upande wake wa barabara.

Uzinduzi ukawa umekaribia, na kutoka Newala habari zilikuja na kila gari: Bi Asumini hatoki ndani, Bi Asumini amekataa kufinyanga, mama wawili wameanza kuulizia kungwi wa kijiji kingine. Hapo Baba Rehema akasafiri Mtwara, akarudi na ya nne, aliyopewa na fundi wa mashine za fotokopi. Hii haikuwa na muhuri wala haikudai namba. Unachora kisanduku cheupe juu ya neno, unaandika juu yake neno lako, basi. Nikaiita Chokaa. Sikuipenda. Herufi zake zilipishana kidogo na za kitabu, na mimi nilikuwa nimeshaonja ile ya tatu, nikajua kazi nzuri inafananaje. Nilimwambia tuahirishe uzinduzi, tutafute mtu Dar mwenye kadi. Akasema, "Somoe, Bibi anataka jina, hataki mwandiko." Hilo lilikuwa kweli, na lilinikera zaidi kwa kuwa kweli. Basi nikapaka. Ukurasa kwa ukurasa, kisanduku kwa kisanduku, mpaka ule mstari mdogo wa chini. Tukachapa, na karatasi zikatoka safi. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga, huoni chochote. Faili tukalirudisha ofisi ya mradi kwenye CD, Baba Rehema ameandika juu yake kwa mkono: limerekebishwa.

Kabla ya shughuli tulikwenda kwake, mimi na Baba Rehema. Alikaa kwenye kigoda chake, nikamsomea sura yote tangu juu. Asumini, Asumini, Asumini. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na lile limekwenda wapi?" Baba Rehema akacheka, amefarijika. "Halipo tena, Bibi, kompyuta imelifuta." Hakumtazama. Alinitazama mimi. "Somoe, halipo?" Nikamwambia, "Halipo, Bibi." Na nilijua ninachosema, kadiri mtu yeyote wa Masasi alivyoweza kujua mwaka ule. Akasimama akavaa kanga mpya, akaja akakaa kiti cha mbele, na shule zilipofungwa akawapa wasichana majina kama kawaida. Mimi alinipa chungu cha mboga, ambacho mpaka leo nachemshia mbaazi. Duka la Baba Rehema lilikuja likafa, yeye naye akafariki, na mimi nikaolewa nikahamia Lisekese. Nilichobaki nacho kutoka mwaka ule ni chungu na ubishi. Mtu akiniambia jambo limekwisha, lazima niulize mara ya pili.

Sasa basi, siku ile ya msiba, tulikaa na Saidi nyuma ya nyumba, akanifungulia kitabu kwenye simu. Mradi ulipokwisha, kumbe waliliweka faili mtandaoni. Ukurasa ulikuwa wangu kabisa, nikaujua hadi ule upishanaji wa herufi. Asumini. "Mbona hapa limeandikwa sawa?" nikamwuliza. Akasema, "Herufi zilikuwa ndogo, Shangazi, sikusomea hapa. Nilinakili maandishi yote nikayabandika kwingine nisome vizuri." Akanionyesha alichobandika. Limo. Nikarudi kwenye ukurasa, nikaweka kidole juu ya Asumini nikakikandamiza, na rangi ya buluu ikatandaa, ikapita mwisho wa neno langu, ikaendelea kwenye weupe mtupu, kwa urefu wa jina lile jingine. Lilikuwa chini. Miaka yote lilikuwa limelala chini ya kile kisanduku changu, zima, halijaguswa hata herufi. Karatasi haikuliona, macho hayakuliona, lakini mashine ikiombwa isome, inalisoma. Nilimwambia yule Bibi halipo! Nilitamani kumfufua Baba Rehema nimkemee, na yule fundi wa Mtwara, na yule mama na jina lake la kweli, na walioficha ile programu nzuri nyuma ya kadi. Sijilaumu, nidanganye ili iweje? Nimekasirika tu, nimekasirika kwa niaba yake, kwa sababu yeye hawezi tena kuweka kikombe chini na kuuliza nani kakutuma.

Nikamwambia Saidi, tafuta programu. Akapakua moja, ikataka kulipwa kila mwezi. Akapakua nyingine, ikafuta vizuri kisha ikapiga alama yake pembeni mwa kila ukurasa, nikacheka kwa uchungu, Muhuri amezaa na watoto wake wako simuni. Nyingine ikataka kwanza kulituma faili sijui nchi gani, nikamwambia funga haraka. Mwisho tukapata moja inayong'oa kweli, Saidi akailipia kwa simu, akabonyeza namba yake ya siri tu, palepale tumekaa juu ya kinu kilicholazwa. Benki ile ya Masasi ikanijia mbele ya macho. Nililing'oa mimi mwenyewe, kila mahali, mpaka kwenye mstari wa chini. Kisha nikanakili sura nzima nikaibandika, nikaisoma. Nikarudia mara ya pili. Wenye mtandao ule nimewaandikia waliondoe faili lao waweke letu, na jibu limekuja la mashine, kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Nitawaandikia tena.

Siku ya arobaini Saidi aliogopa kushika kipaza sauti, nikamwambia shika. Bi Sharifa alikuwa amebebwa na kuwekwa mlangoni, karibu na spika kabisa, ameshaiandaa sauti yake. Mimi nilikaa nyuma yake na simu yangu, nafuatisha kila neno kwa kidole. Saidi akasoma mahali alipozaliwa, akasoma alikochimba udongo, akafika pale. "Asumini," akasema.

"Ehe," Bi Sharifa akaitikia. "Endelea."